Nani Alimfungulia Askari Mlango wa Ikulu?

Kati ya tarehe 20 na 24 Januari 1964, majeshi ya nchi tatu jirani yaliasi moja baada ya jingine. Uasi ulianzia Dar es Salaam, katika kambi ya Colito ambayo leo ndiyo Lugalo. Siku ya pili ukafika Tabora, tarehe 23 ukafika Jinja nchini Uganda, na jioni ya tarehe 24 askari wa Lanet, karibu na Nakuru, nao wakachukua silaha. Wote hao walikuwa wametoka katika jeshi moja: King's African Rifles, lililoundwa na Waingereza mwaka 1902, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Walizungumza Kiswahili kilekile cha kambini, walilelewa kwa nidhamu ileile, na malalamiko yao makubwa yalikuwa mawili yaleyale: mshahara mdogo, na maofisa wa Kizungu waliobaki juu yao kana kwamba bendera haijabadilishwa.

Miaka saba baadaye, tarehe 25 Januari 1971, moja kati ya majeshi hayo, la Uganda, lilimweka kamanda wake, Idi Amin, Ikulu. La Tanganyika halijafanya hivyo hadi leo, wala la Kenya.

Kwa nini Uganda? Jibu linalotolewa haraka ni tabia ya mtu: Idi Amin alikuwa katili, mjanja, mwenye uchu wa madaraka. Ni kweli, lakini watu wenye uchu wamo katika kila jeshi duniani, na wengi wao hustaafu wakiwa na pensheni yao na shamba lao. Ninachokiona katika historia ya nchi zilizopata uhuru miaka ile ni kwamba askari hupanda hadi Ikulu kwa ngazi aliyojengewa na mwanasiasa, kipago baada ya kipago, huku mwanasiasa huyo akidhani anajijengea mwenyewe.

Tutazame kwanza jeshi lililorithiwa. Mkoloni hakuliunda ili lilinde mipaka ya taifa, kwa kuwa taifa lenyewe halikuwapo. Aliliunda ili limsaidie kuwatuliza wananchi wanapochoka kutawaliwa, na kupigana vita vyake ng'ambo. Kwa hiyo aliwatafuta vijana wa mbali na mji mkuu, wenye maumbo makubwa na elimu ndogo, wasio na ndugu miongoni mwa wale watakaokwenda kuwapiga. Nchini Uganda wengi walitoka kaskazini: Acholi, Lango na West Nile. Mwafrika aliweza kufika usajini na kuishia hapo. Cheo cha ofisa kilikuwa cha Mzungu.

Kisha uhuru ukaja kwa kasi ambayo makambi hayakuwa yameiandalia. Amin aliingia Keya mwaka 1946. Mwaka 1961, Uganda ikiwa imebakiza mwaka mmoja na ushei kupata uhuru, yeye na Shaban Opolot wakawa Waganda wa kwanza kupewa uluteni, maana hapakuwa na wengine waliotayarishwa. Luteni huyo wa 1961 alikuwa meja jenerali mwaka 1968. Katika jeshi la kawaida safari hiyo humchukua mtu mwenye kipaji sehemu kubwa ya maisha yake ya utumishi, na njiani hupita vyuo, kozi na mitihani inayomfundisha mipaka ya kazi yake. Amin hakuwa na muda huo. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyekuwa akifundisha Makerere katika miaka hiyo, aliandika juu ya tabaka jipya lililokuwa likizaliwa: askari wasio na elimu kubwa wala mali, ambao mtaji wao pekee wa kupanda katika jamii mpya ulikuwa bunduki.

Kongo ilikuwa mbaya zaidi. Force Publique, jeshi la Wabelgiji, lilikuwa na askari wapatao 25,000 siku ya uhuru, 30 Juni 1960, na halikuwa na ofisa hata mmoja Mkongo. Tarehe 5 Julai kamanda wake, Jenerali Janssens, aliwakusanya askari akawaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni kitu kilekile. Waliasi. Waziri Mkuu Patrice Lumumba alimfukuza jenerali huyo, akawapandisha askari wote cheo kimoja, na akamteua mtu wake wa karibu, Joseph-Désiré Mobutu, kuwa mnadhimu mkuu mwenye cheo cha kanali. Mobutu alikuwa sajini aliyeacha jeshi na kugeukia uandishi wa habari. Tarehe 14 Septemba mwaka huohuo, wakati Lumumba na Rais Kasavubu wakigombana nani amemfukuza nani, kanali huyo alitangaza kwamba amewaweka wote wawili kando. Tangu kuteuliwa kwake hata miezi mitatu ilikuwa haijatimia. Novemba 1965 alirudi na kukaa moja kwa moja, hadi Mei 1997.

Wala ukubwa wa jeshi si kitu. Togo ilipopinduliwa tarehe 13 Januari 1963 jeshi lake halikuzidi askari mia chache. Waliomuua Rais Sylvanus Olympio walikuwa askari waliorudi kutoka jeshi la Ufaransa wakitaka ajira, naye akawakatalia kwa hoja kwamba nchi yake maskini haihitaji jeshi kubwa. Hoja yake ilikuwa sahihi, na ilimgharimu maisha. Mmoja wa askari hao, Étienne Eyadéma, alitwaa urais mwaka 1967 na kufa nao mwaka 2005. Marais wengi wa Afrika waliitazama maiti ya Olympio wakajifunza somo baya kuliko yote: kwamba askari hanyimwi anachotaka.

Hapo ndipo juma lile la Januari 1964 linapokuwa na thamani kwa mtafiti. Ni nadra historia kutupa majeshi matatu ya asili moja, yaliyotenda kosa moja kwa wakati mmoja, chini ya serikali tatu zilizojibu kwa namna tatu.

Dar es Salaam, askari waliwakamata maofisa Waingereza usiku, wakawasafirisha kwenda Nairobi, wakazunguka Ikulu na kushika sehemu nyeti za mji. Oscar Kambona, waziri aliyekuwa na dhamana ya ulinzi, alikwenda kuzungumza nao akiwa hana chochote mkononi isipokuwa maneno. Rais, Mwalimu Nyerere, na makamu wake, Rashidi Kawawa, walifichwa. Maduka yaliporwa, watu wakauawa. Hakuna ushahidi kwamba askari wale walikuwa na mpango wa kutawala, ila kwa siku kadhaa nchi ilikuwa mikononi mwao, na mtu yeyote mwenye mpango angeweza kuitwaa kupitia kwao. Mwalimu aliwaomba Waingereza msaada, na tarehe 25 makomando wao wakashushwa kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur. Kambi ilisalimu amri asubuhi hiyohiyo.

Kwa rais wa nchi yenye uhuru wa miaka miwili, kumwita mkoloni wa jana arudi na bunduki ilikuwa fedheha, na Mwalimu hakuificha. Mwezi uliofuata aliwaita mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika Dar es Salaam akawaeleza, kisha askari wa Nijeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza. Lakini jambo la msingi ni kwamba hakuwalipa walioasi. Aliivunja Tanganyika Rifles yote. Walioongoza walifikishwa mahakamani, waliobaki wakarudishwa makwao, na tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi likaundwa upya chini ya Brigedia Mrisho Sarakikya, kwa kuandikisha vijana waliopitia chama tawala, TANU, na Jeshi la Kujenga Taifa. Askari wa zamani alizuiwa kuingia katika siasa. Askari mpya aliruhusiwa kuwa mwanachama wa TANU, akasomeshwa siasa na makomisaa ndani ya kambi, na baadaye maofisa wakateuliwa ukuu wa wilaya na mikoa.

Kenya sitaikalia sana. Waziri Mkuu Jomo Kenyatta alikuwa bado na vikosi vya Waingereza nchini, akavitumia papo hapo, akawashitaki waasi katika mahakama ya kijeshi, akaivunja batalioni iliyoasi, na akaendelea kuwategemea Waingereza kwa mafunzo kwa miaka mingi. Hakuna aliyepata cheo kwa kuasi. Jaribio la mapinduzi la askari wa anga la 1 Agosti 1982 lilizimwa na jeshi lenyewe.

Uganda ndiyo iliyolipa. Waziri Felix Onama alipokwenda Jinja kuzungumza na askari, walimshika na hawakumwachia mpaka akubali kuwaongezea mishahara. Waziri Mkuu Milton Obote naye aliwaita Waingereza, wakaizingira kambi na kuwanyang'anya silaha. Hadi hapo hakuna tofauti kubwa na jirani zake. Tofauti ilikuja baadaye, vikosi vya Kiingereza vilipokwisha kuondoka. Nyongeza ya mishahara ilitimizwa, na batalioni haikuvunjwa. Maofisa wa Kiingereza waliondolewa kwenye ukamanda, na Opolot na Amin wakapandishwa haraka kuziba nafasi zao. Kila askari wa Jinja aliona kwa macho yake kwamba kumshika waziri kunalipa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba uasi uliozimwa ni uasi uliokwisha. Uasi huacha mafunzo, na mwalimu ni serikali.

Hata kabla ya hapo kipago cha kwanza kilikuwa kimeshawekwa. Mwaka 1962 Amin alituhumiwa kwamba kikosi alichokiongoza kiliwatesa na kuwaua wafugaji wa Turkana kilipokuwa kikisaka wezi wa mifugo. Gavana wa Uganda, Walter Coutts, alimwomba ushauri Obote, ambaye tayari alikuwa waziri mkuu na siku za uhuru zikihesabika. Obote aliona si vema kumshitaki mmoja wa maofisa wawili tu wa Uganda karibu na sherehe za uhuru, akataka apewe karipio. Ofisa aliyepaswa kufikishwa mahakamani akabaki na deni la shukrani kwa mwanasiasa.

Deni hilo lilidaiwa mwaka 1966. Mwezi Februari mbunge Daudi Ochieng alisimama bungeni akataka Amin asimamishwe kazi na uchunguzi ufanywe kuhusu dhahabu na pembe za ndovu zilizotoka Kongo, ambako jeshi la Uganda lilikuwa likiwasaidia waasi. Hoja hiyo iliwagusa pia Obote na mawaziri wake wawili. Obote alikuwa safarini kaskazini, na bunge, pamoja na wabunge wa chama chake mwenyewe, likaipitisha karibu kwa kauli moja. Kikatiba, huo ulikuwa mwisho wa Amin na pengine wa Obote pia.

Obote angeweza kujiuzulu, au kusimama bungeni ajitetee. Badala yake, tarehe 22 Februari mawaziri watano walikamatwa wakiwa katika kikao cha Baraza la Mawaziri. Baada ya siku mbili katiba ikasimamishwa. Opolot akaondolewa, na Amin, mtu ambaye bunge lilitaka achunguzwe, akapewa ukuu wa jeshi. Mwezi Aprili wabunge waliletewa katiba mpya waipitishe siku hiyohiyo kabla ya kuisoma, nakala zao zikiwa zinawasubiri katika visanduku vyao vya barua, na askari wakiwa wametanda nje. Tarehe 24 Mei Amin aliongoza mashambulizi ya Lubiri, ikulu ya Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, aliyekuwa pia rais wa nchi mpaka katiba iliposimamishwa. Kabaka aliruka ukuta akakimbia, na akafia London mwaka 1969.

Kwa maoni yangu hayo ndiyo yalikuwa mapinduzi ya Uganda. Ya 1971 yalibadilisha mtu tu. Mwanazuoni wa Kiingereza Samuel Finer aliandika mwaka 1962 kwamba ajabu si jeshi kuingia katika siasa. Ajabu ni kwamba huwa linatii raia, ilhali lenyewe ndilo lenye silaha, mpangilio na amri moja. Kinacholizuia ni imani ya wote, wenye bunduki na wasio nayo, kwamba ugomvi wa madaraka una mahali pake pa kuamuliwa: bunge, mahakama, sanduku la kura. Mwaka 1966 waziri mkuu aliwaonyesha askari kwamba mahali hapo hapana nguvu. Baada ya hapo swali lililobaki lilikuwa ni nani anamhitaji mwenzake zaidi, Obote au Amin.

Obote aliligundua hilo, akaanza kujihami. Aliunda kikosi cha ujasusi kilichoongozwa na ndugu yake Akena Adoko, kikiwa nje ya jeshi. Aliwapandisha maofisa wa Lango na Acholi wapunguze uzito wa kamanda. Amin naye akawa anaandikisha watu wa West Nile na Sudan ya Kusini. Hii ndiyo hatari ya kumdhibiti askari kwa kabila: kila upande huhesabu majina katika orodha ya vyeo, na kila kijana anayeandikishwa huwa wa mtu fulani kabla ya kuwa wa nchi. Desemba 1969 Obote alipigwa risasi Lugogo akanusurika. Mwezi uliofuata Brigedia Pierino Okoya, naibu wa Amin, aliuawa yeye na mkewe nyumbani kwao Gulu. Kufikia mwisho wa 1970 uchunguzi ulikuwa ukimkaribia Amin, na alitakiwa pia aeleze fedha za jeshi. Kisha Obote akasafiri kwenda Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola.

Usiku wa mapinduzi wenyewe hauna mengi ya kufundisha, isipokuwa moja. Walioshika silaha upande wa Amin walikuwa sehemu ndogo ya jeshi, hasa vikosi vya vifaru vya Malire. Sehemu kubwa ya askari, kama katika mapinduzi mengi, ilisubiri ione upande gani unashinda. Ndiyo maana mtu hukimbilia ghala la silaha, uwanja wa ndege na, kuliko vyote, redio. Anayesikika redioni asubuhi ndiye anayeaminika ameshinda, na anayeaminika ameshinda ndiye anayeshinda. Askari alisoma sababu 18 za kumwondoa Obote. Amin akasema yeye ni askari, si mwanasiasa, na uchaguzi utafanyika.

Na watu walifurahi. Lazima tuliseme hilo, kwa sababu tunapolisahau hatuelewi jinsi jambo hili linavyorudi. Kampala ilijaa matawi ya kijani na nyimbo. Baganda walimshangilia mtu yuleyule aliyeishambulia Lubiri, kwa kuwa amemwondoa Obote, na yeye akawarudishia mwili wa Kabaka ukazikwa Kasubi. Wafungwa wa kisiasa waliachiwa. Miongoni mwao alikuwamo Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa chama cha Democratic Party, ambaye Amin alimfanya Jaji Mkuu. Baraza la kwanza la mawaziri lilikuwa la wasomi na watumishi wa umma wenye sifa, ingawa punde waliapishwa kama askari na kuwa chini ya nidhamu ya jeshi. Uingereza iliitambua serikali hiyo baada ya siku chache tu. Mwalimu Nyerere alikataa na akampokea Obote.

Kabla mwaka huo haujaisha, askari wa Acholi na Lango walikuwa wameuawa kwa mamia katika kambi za Jinja, Mbarara na kwingineko. Septemba 1972 Kiwanuka alikamatwa ndani ya jengo la Mahakama Kuu na hakuonekana tena. Mwaka 1976 Amin akajitangaza rais wa maisha. Uchaguzi alioahidi haukufanyika.

Sitaki msomaji wa Tanzania aondoke hapa akijipongeza mapema. Njia ya Mwalimu ilikuwa na bei yake. Jeshi lilifungwa kwa chama, na chama kikawa kimoja. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilitumika kwa vyama vya wafanyakazi na kwa wakosoaji. Wala haikuwa kinga kamili: kesi ya uhaini ya 1970, iliyomhusisha Bibi Titi Mohamed, ilikuwa na maofisa wa jeshi miongoni mwa washitakiwa, na njama nyingine ikafichuliwa mapema miaka ya 1980. Lakini jambo moja lilisimama. Hakuna kiongozi wa serikali aliyewatumia askari kufuta uamuzi wa bunge dhidi yake, na hakuna askari aliyelipwa kwa kufanya hivyo. Nililosoma juu ya mapinduzi ya Mali, Burkina Faso, Niger na Gabon miaka hii ya karibuni halijanibadilisha mawazo: kabla ya kifaru kuonekana barabarani, mara nyingi kura, katiba au mahakama ilikuwa imekwisha dharauliwa na watu wasiovaa sare.

Obote mwenyewe alipata nafasi ya pili, jambo ambalo viongozi waliopinduliwa hulipata kwa nadra. Kampala ilikombolewa Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Mei 1980 Rais Godfrey Binaisa alijaribu kumwondoa mnadhimu mkuu, David Oyite Ojok, na ni Binaisa aliyeondoka. Nchi ikawekwa chini ya Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga, mshirika wa Obote. Desemba mwaka huo, matokeo ya uchaguzi yalipoanza kujulikana, Muwanga alitoa amri kwamba ni yeye tu mwenye haki ya kuyatangaza. Obote akatangazwa mshindi, nao waliokataa matokeo wakaingia msituni. Oyite Ojok alikufa katika ajali ya helikopta mwaka 1983, na Obote akampa nafasi yake ofisa wa Lango mwenzake, akiwaruka maofisa wakubwa wa Acholi waliokuwa wakiitarajia. Tarehe 27 Julai 1985 maofisa hao waliingia Kampala wakamwondoa. Katika maisha yake alipinduliwa mara mbili, na mara zote mbili na jeshi alilolipandisha vyeo yeye mwenyewe.